Rangi Rasmi ya Ngano

Nchi hii ina jina, lakini kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na vibali hutolewa Jumanne tu. Leo si Jumanne. Basi tuiache hivyo hivyo bila jina. Aliyewahi kupita huko ataijua kwa harufu.

Ilikuwa na bonde, na bondeni mlikuwa na mfereji, na kando ya mfereji mashamba mia mbili ya ngano, yote sawa kwa urefu na upana, kwa kuwa Baba wa Mazao, aliyekuwa kiongozi wa nchi, hakupenda mashamba yaoneane wivu. Shamba la kwanza lilikuwa kwenye lango la mfereji, jirani na ofisi ya skimu ya umwagiliaji. La mia mbili lilikuwa mkiani kabisa, pale maji yanapofika yakiwa yamechoka. Hilo la mkiani alikuwa akililima mwanamke aitwaye Sikudhani, peke yake, kwa sababu mumewe, Hizza, alikuwa akipumzika.

Neno hilo linahitaji maelezo kidogo. Katika nchi hiyo mkulima hafungwi. Mkulima hupumzishwa. Nyuma ya ofisi ya skimu ilijengwa Nyumba ya Mapumziko ya Wakulima, yenye kuta ndefu ili upepo usiwasumbue waliomo, na vipande vya chupa juu ya kuta ili paka wasiingie kuwaamsha. Hizza aliingia humo msimu uliopita. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mbolea imemfikia kila mkulima, naye, akiwa amekaa na wenzake wakinywa kahawa, akasema: "Labda yangu iko njiani."

Maneno manne. Mahakama ilikaa siku tatu juu ya neno la kwanza. Wakili wa serikali alithibitisha kwamba "labda" ni shaka, na shaka ikimwagwa kwenye mfereji hufika kila shamba. Hizza akahukumiwa kupumzika mpaka shamba lake lenyewe limsafishe, yaani lipate mihuri yote ya ukaguzi katika msimu mmoja. Likikosa hata mmoja, atahamishiwa Mapumziko ya Kudumu, ambako huduma ni nzuri sana, maana hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Mihuri ilikuwa miwili, wiki ya tano na wiki ya kumi. Mwaka huo ukaongezwa wa tatu, siku chache kabla ya mavuno. Ile miwili ilikuwa imeleta takwimu nzuri, na Wizara haikuona sababu ya kuinyima nchi takwimu zaidi.

Kilichokaguliwa kilikuwa rangi. Miaka kadhaa nyuma Baba wa Mazao aliwahi kushuka bondeni kwa helikopta, ngano ikiwa na wiki saba. Alisimama katikati ya ngano dakika nne, akapigwa picha, akaondoka. Picha ikatundikwa katika kila nyumba. Baadaye, wataalamu walipokuwa wakibishana ngano yenye afya itambuliweje, Waziri aliwanyamazisha kwa kidole: akaonyesha ukutani. Tangu siku hiyo kijani cha kwenye picha kikawa Rangi Rasmi ya Ngano. Kilichapishwa kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja, upande mmoja kijani, upande wa pili saini ya Baba. Mkaguzi anaweka kadi juu ya jani. Vikilingana, anagonga muhuri. Mtaalamu mmoja aliuliza kama kadi ni ya wiki ya saba peke yake au ya msimu mzima. Swali lake lilipokelewa kwa shukrani, na yeye pia anapumzika.

*

Sikudhani hakusomea kilimo. Alichokijua alikijua kwa kuinama. Wiki ya nne aliona majani ya chini yakipauka kuanzia nchani. Akachuma moja, akalitazama kwenye mwanga, akaelewa kwamba ngano ina njaa. Ilitaka mbolea ya kukuzia ndani ya siku chache, kabla haijaamua itoe vichipukizi vingapi, ikishaamua haibadili. Alioga, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa bwana shamba.

Bwana Shamba Ngwale alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa hazina wino. Alimkaribisha kiti.

"Bwana Shamba, yuria imo ghalani. Nimechungulia dirishani nikaiona."

"Imo, dada."

"Basi tugawieni."

"Haijazinduliwa."

"Itazinduliwa lini?"

"Mzinduzi akipona."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Redio imetangaza kwamba haumwi. Ndiyo maana hatuwezi kujua atapona lini."

Ngwale akafungua droo, akaifunga. Kisha akamweleza tatizo la pili, kwa sauti ya chini. Mwaka huo mifuko ya mbolea ilichapishwa uso wa Baba wa Mazao, mbele na nyuma. Kuupasua mfuko kwa kisu ni kumjeruhi kiongozi. Kuna mtunza ghala wa bonde jingine aliyeanzia kwenye sikio, akidhani sikio si kitu. Kwa hiyo, hata Mzinduzi akipona, lazima wasubiriwe Wafunguaji wenye cheti, na Wafunguaji walikuwa bado masomoni nchi za nje.

"Na ngano yangu inasubiri pia?"

Ngwale akatazama kalamu zake. "Kwenye taarifa ya mwezi nimeandika kwamba mifuko mitatu imeliwa na panya."

"Panya wanakula yuria?"

"Wa serikali, dada, sijawahi kuona wanachoacha." Akainuka, akaegemea dirisha. "Hiyo mifuko iko nyuma ya ghala. Mimi leo alasiri natazama mawingu. Nayatazama kwa makini sana."

Sikudhani aliibeba mmoja mmoja kichwani. Nyumbani alikaa nayo chini akaichunguza kama mtu anayetafuta mwiba mguuni. Mdomo wa mfuko ulishonwa kwa uzi mweupe wa mnyororo. Alijaribu kuuvuta kuanzia kushoto, uzi ukakaza. Akajaribu kulia, akakata fundo moja dogo kwa meno, akavuta. Mshono wote ukafumuka kwa mvuto mmoja, kama mtu anayepiga mwayo. Uso wa Baba haukuguswa hata unyusi. Mbolea ilipokwisha aliifua mifuko, akaitundika ukutani mitatu kwa safu, na nyumba yake ikawa yenye picha nyingi kuliko zote bondeni.

Yuria ikinyunyizwa bila maji, jua huichukua. Kwa hiyo alimhitaji Mzee Shebe, mshika lango la mfereji. Kabla ya kuinua lango, Mzee Shebe alitakiwa kusoma kwa kipaza sauti Shukrani za Maji, kurasa mbili kamili, na kila aliyesikia alipaswa kusimama wima, mikono kwenye mapaja, mpaka mwisho. Kwa kuwahurumia watu, alikuwa amejifunza kuzisoma kurasa zote mbili kwa pumzi moja.

"Mzee, unameza maneno," Sikudhani alimwambia jioni ile, maji yakianza kuteremka.

"Nameza koma tu, mwanangu. Nenda, kimbia mbele yake. Mbolea usiirushe majanini, itayaunguza. Ipite kati ya mistari."

Siku ya nane ngano ilikuwa imekolea. Mkaguzi Mkuu wa Rangi, Mheshimiwa Kitojo, ambaye zamani aliuza rangi za nyumba na kwa hiyo alikuwa na ujuzi, alifika akiwa amefunikwa mwavuli. Akaweka kadi juu ya jani, akafunga jicho moja.

"Inatii," alisema.

Muhuri wa kwanza.

*

Wiki ya tisa masuke yalikuwa yametoka, na punje zilipoanza kujaa maziwa, kwelea kwelea wakaja. Kwelea kwelea mmoja ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, lakini elfu hamsini wakitua shambani asubuhi, jioni unavuna mabua. Wizara ilichukua hatua mara moja. Ilitoa taarifa kwamba ndege hao wanatoka nchi jirani, wameingia bila hati, na wamepewa ilani ya siku saba waondoke kwa hiari. Ilani ikabandikwa juu ya nguzo katikati ya bonde. Ndege walitua juu yake.

Kuwafukuza hakukuwa rahisi. Kelele za watu zaidi ya wawili ziliitwa maandamano. Kurusha jiwe juu kuliitwa jaribio la kudungua helikopta, hata kama helikopta haipo, kwani huenda ingekuja. Wanawake walisimama kwenye matuta mikono kiunoni, wakitazama msimu wao ukiliwa kimya kimya.

Sikudhani alikuwa akitazama kizuizi cha askari, pale barabara inapotoka bondeni. Hapo kila mpita njia alilazimika kusimama na kupaza sauti: "Adumu Baba!" Alikuwa amepita mara nyingi, na alikumbuka watu waliopigwa kwa kusema polepole. Hakukumbuka hata mmoja aliyepigwa kwa kusema kwa nguvu.

Akachukua sufuria na mwiko, akapanda kwenye tuta, akajaza kifua.

"Adumu Babaaa!"

Shamba zima liliruka angani.

"We Sikudhani, umekula nini leo?" jirani yake wa shamba la mia moja tisini na tisa alimpigia kelele.

"Mshangilie Baba, shoga! Upande wako wameshaanza kutua!"

Jirani alifikiri kidogo, akaivua kanga ya juu, akaanza kuipunga. "Adumu! Adumu na watoto wake! Adumu na shangazi zake!" Kelele zikapokewa shamba hadi shamba mpaka langoni. Askari mmoja alikuja mbio, bunduki ikimgonga mgongoni.

"Nani amewaruhusu?"

"Kumshangilia Baba kunahitaji ruhusa, afande?" Sikudhani aliuliza kwa unyenyekevu, mwiko ukiwa bado juu.

Askari aliona majibu yote mawili, na yote mawili yalikuwa na Nyumba ya Mapumziko mwishoni. Akavua kofia. "Adumu Baba," akasema, kisha kwa nguvu zaidi, kwa sababu walikuwa wakimtazama.

Walishangilia siku kumi na mbili, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Wizara ilitoa taarifa kwamba mapenzi ya wananchi wa bonde yamevuka kiwango cha kawaida, ikawatumia ngoma moja ya pongezi. Ndege walihamia kwingine. Sauti ya Sikudhani ilikatika siku ya tisa, na iliporudi haikuwa yake tena. Ilibaki kuwa mkwaruzo, kama mchanga chini ya kiatu.

Kitojo alikuja, akafunga jicho moja. Muhuri wa pili.

*

Mwenye mihuri miwili aliruhusiwa kumwona anayepumzika kwa robo saa. Sikudhani alikaa upande mmoja wa wavu, Hizza upande wa pili, na kati yao msimamizi mwenye daftari. Iliruhusiwa kuzungumza kilimo tu.

Hizza alikuwa amepungua. Alizungumza mkono ukiwa mbele ya mdomo, na kila baada ya maneno machache alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Sauti yako imekwenda wapi, Siku?"

"Imeliwa na ndege. Na meno yako?"

"Yamepumzishwa." Akatazama pembeni kwa msimamizi, akarudi kwenye kilimo. "Wiki ngapi sasa?"

"Kumi na moja."

"Ukibana punje kwa ukucha, inatoa nini?"

"Maziwa. Yameanza kuwa mazito."

"Ikifika kuwa kama unga uliokandwa, funga maji. Usimsikilize mtu. Ngano iliyoiva ikilala majini inaota ikiwa kwenye suke. Utakuwa na bustani, hutakuwa na ngano."

"Inaota rangi gani?" msimamizi aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

"Kijani, afande."

Msimamizi akaandika kwamba anayepumzika ameonyesha kupendezwa na kijani.

"Ikiiva niletee punje chache," Hizza alisema. "Siwezi kutafuna. Nitazimumunya tu, nijue ilivyokuwa."

Kikohozi kikamshika tena. Hakikuwa kikohozi cha mtu mwenye msimu mwingine mbele yake, na Sikudhani, aliyezoea kusoma dalili kwenye majani, aliisoma hiyo pia.

*

Wiki ya kumi na nne alifunga maji. Wiki ya kumi na sita ngano ikaiva.

Ilikuwa ngano ambayo bonde halikuwahi kuiona. Masuke yaliinamisha vichwa yote upande mmoja. Upepo ukipita yalitoa sauti kavu, kama watu wengi wanaosugua viganja. Sikudhani alipukusa suke moja mkononi, akapuliza makapi, akang'ata punje. Ikavunjika kwa mlio. Mundu aliunoa asubuhi ile ile. Kilichobaki ulikuwa muhuri mmoja.

Mheshimiwa Kitojo alishuka kwenye gari, akasimama kwenye tuta, akasahau kuomba mwavuli.

"Nini hiki?"

"Ngano, Mheshimiwa."

"Nani ameifanya hivi?"

"Jua," Sikudhani alisema kwa mkwaruzo wake.

Kitojo akamgeukia karani. "Andika. Mtuhumiwa wa kwanza, Jua." Akatoa kadi, akaiweka juu ya suke. Kijani juu ya dhahabu. Akaigeuza, akaweka upande wenye saini, labda saini ingesaidia. Akarudisha kijani. Tangu asubuhi alikuwa amepita mashamba mia moja tisini na tisa, yote hivyo hivyo, na hili la mwisho ndilo alilokuwa akilitumainia.

"Inaumwa," alisema. "Bonde zima linaumwa."

Bwana Shamba Ngwale, aliyekuwa nyuma yake amebeba mafaili, akakohoa kidogo. "Kwa heshima zote, Mheshimiwa. Imeiva."

"Kuiva hakumo kwenye kadi."

"Ni kweli hakumo. Lakini ngano yoyote duniani ikifika wakati wake..."

"Duniani wapi, Bwana Shamba? Una ndugu huko?"

Ngwale alizitazama kalamu zake tatu, kama anayechagua. "Sina ndugu," alisema. "Lakini imeiva." Aliyasema polepole, kama mtu aliyeulizwa saa. Alichukuliwa kabla ya adhuhuri, na kwa adabu, kwani alikuwa mtumishi wa umma.

Mchana huo Kitojo aliwakusanya wakulima mbele ya ofisi, akapanda juu ya meza.

"Wananchi! Adui ametuingilia kupitia majani! Manjano ni rangi ya homa, rangi ya woga, rangi ya magazeti ya zamani! Je, mnamwona Baba yetu pale pichani amesimama kwenye manjano?"

"Hatumwoni," watu wakaitika.

"Ninatangaza Operesheni Rudisha Kijani! Kila shamba mifuko sita ya yuria, na maji usiku na mchana, wiki mbili! Atakayevuna kabla ya hapo atakuwa ameharibu ushahidi. Punje ya manjano ni mgonjwa wa kuambukiza, na hairuhusiwi kutoka bondeni. Baada ya wiki mbili nitarudi na kadi. Litakalokuwa kijani litapata muhuri. Lisilokuwa..." Akaangalia Nyumba ya Mapumziko. Hakumaliza, na hakuna aliyehitaji amalize.

Mambo yalikwenda haraka kuliko ilivyowahi kutokea katika nchi hiyo. Mzinduzi alipona siku ya pili. Palikuwa na bendi, utepe, na biskuti kwa wageni. Wafunguaji walifika kutoka masomoni wamevaa glavu nyeupe, na mbele ya umati wakaonyesha walichojifunza kwa miezi minne: kwamba uzi wa mfuko hufumuliwa kuanzia upande wa kulia. Watu wakapiga makofi. Sikudhani alipokea mifuko yake sita. Alikuwa ameiomba wiki kumi na mbili zilizopita.

*

Wakulima walilia kwamba bua kavu halirudi kuwa kijani hata likimwagiwa mto. Ilikuwa kweli. Sikudhani alikaa kwenye tuta la shamba lake na kulifikiria jambo hilo kwa utaratibu, kama alivyofikiria uzi wa mfuko. Bua halitarudi. Jani halitarudi. Lakini punje ni mbegu, na mbegu iliyolowa haiulizi ni wiki ya ngapi. Ngano ikiachwa imesimama, maji yatapita chini yake na masuke yatabaki makavu na ya manjano. Ikilazwa, masuke yakiingia kwenye tope, baada ya siku nne au tano kila punje itatoa kijiti cha kijani.

Mumewe alikuwa amemwambia. Alimwambia ili asifanye.

Siku ya kufungulia maji askari walijipanga kando ya mfereji, mashamba yote, kuhakikisha hakuna anayevuna. Mzee Shebe alishika kipaza sauti, akafungua Shukrani za Maji. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, hakumeza kitu. Alisoma kila neno. Alisoma koma zote. Mwisho wa kila mstari alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Jua liliwapiga askari utosini nao wamesimama wima, mikono kwenye mapaja, macho mbele, kwa sababu kugeuza shingo wakati wa Shukrani ni kosa la kijeshi.

Askari wa mkiani naye alikuwa ameganda: alipoona wenzake wote wamesimama alisimama pia, akiwapa mgongo mashamba ya mwisho. Sauti ya Mzee Shebe haikufika shamba la mia mbili. Sikudhani, ambaye kisheria hakusikia kitu, aliingia katikati ya ngano yake, akachagua masuke yaliyojaa kuliko yote, akayapukusa, akapuliza makapi, akafunga punje kwenye pindo la kanga. Kiasi cha kiganja kimoja. Kingezidi hapo kingeonekana.

Mzee Shebe alimaliza alasiri. Maji yakaanza kushuka.

Sikudhani alichukua ubao mrefu, akaufunga kamba ncha zote mbili, akasimama ukingoni. Alianzia upande wa chini. Aliweka mguu juu ya ubao, akakandamiza. Mstari wa kwanza ukalala kwa mlio ule ule wa viganja. Akasogea mstari wa pili. Palipobaki suke limeinua kichwa alirudi, akalisukuma kwenye tope kwa mkono. Jirani yake wa mia moja tisini na tisa alimtazama kwa muda mrefu.

"Sikudhani! Umerukwa na akili?"

Sikudhani hakuwa na sauti ya kujibu kutoka mbali. Alinyoosha kidole tu kuelekea Nyumba ya Mapumziko, kisha akainama tena. Yule jirani naye alikuwa na kaka mle ndani. Baada ya kitambo akaenda kutafuta ubao, na walio juu yake wakaiga, shamba hadi shamba.

*

Kitojo aliporudi alilia machozi. Bonde lote, kutoka lango hadi mkia, lilikuwa zulia. Lilinuka kama chachu iliyosahauliwa, lakini kadi haina pua. Aliweka kadi juu ya vichipukizi vya shamba la mia mbili, akafunga jicho moja, akafungua, akafunga la pili.

"Hii," alisema kwa sauti iliyopasuka, "imempita hata picha."

Muhuri wa tatu. Redio ilitangaza mavuno makubwa kuliko yote katika historia ya nchi, na kwenye taarifa hiyo hiyo, baada ya wimbo, ikawashukuru marafiki wa ng'ambo kwa kukubali kutuuzia unga. Shamba la mia mbili lilipewa hadhi ya Shamba la Mfano. Shamba la Mfano halivunwi, halilimwi wala halipandwi, lisije likabadilika rangi. Mkulima wake alipewa heshima ya kuhama, yeye na mumewe, kabla ya jua kuzama.

Hizza alitoka akiwa ameshika karatasi na ukuta. Nyuma yake dirishani, Bwana Shamba Ngwale alikuwa amesimama kwenye wavu. Aliinua kalamu moja kama salamu. Kitanda cha Hizza hakikupata nafasi ya kupoa.

Walipita kwenye tuta. Hizza alisimama mbele ya lile zulia la kijani, akahesabu wiki kwa vidole, akahesabu tena. Akapiga magoti, akavuta suke moja kutoka kwenye tope. Punje zilikuwa zimepasuka, nyeupe na laini ndani kama kitu kilichokufa maji. Akalinusa.

"Nani ameilaza?"

"Mimi."

Alikohoa, akangoja kikohozi kimwachie. "Ulianzia upande gani?"

"Chini. Kwenda juu, ili maji yasizibe."

"Vizuri," Hizza alisema. Akalirudisha lile suke mahali pake, akalifunika tope kidogo kwa kiganja.

Karibu na kizuizi Sikudhani alifungua pindo la kanga. Hizza alichukua punje moja ya dhahabu, akaiweka chini ya ulimi, akafumba macho. Aliiacha hapo muda mrefu. Kisha akaitoa, nzima, akairudisha kwenye kiganja cha mkewe.

Mbele yao askari walikuwa wakikagua watu. Walipapasa mapindo, wakakung'uta vilemba, wakamvua mzee mmoja viatu. Sikudhani alitazama huku na huku. Akazimimina punje zote mdomoni, akafunga midomo.

"Simameni hapo. Fungua pindo." Pindo lilikuwa tupu. "Mikono." Mikono ilikuwa mitupu. "Haya, semeni."

"Adumu Baba!" Hizza alisema, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na pengo lake likaonekana.

"Na huyu?"

Sikudhani alimtazama askari machoni. Askari akashika bunduki vizuri zaidi.

"Afande, mke wangu hana sauti," Hizza alisema. "Ilimkatika kwa kumshangilia Baba. Siku kumi na mbili. Muulize mtu yeyote."

Askari alimtazama yule mwanamke kwa makini. Alikuwa ndiye yule aliyekuja mbio na bunduki mgongoni wakati wa ndege. Taratibu akavua kofia, akasimama wima, mikono kwenye mapaja, mpaka walipopita.

Walitembea bila kugeuka. Ardhi ya kwanza nje ya bonde ilikuwa na bango la mwenyewe, na iliyofuata ilikuwa na bango la mwenyewe mwingine. Sikudhani hakumeza mate. Aliweza kuzihisi punje zikianza kulainika kwenye ufizi, na alijua kwamba mbegu iliyolowa haisubiri. Hizza alijua pia. Waliongeza mwendo kadiri kikohozi kilivyoruhusu, yeye upande huu wa njia, mkewe upande ule, wote wawili wakitazama chini, wakitafuta udongo usio na bango.